Ndoano ya Kumezwa

Samaki alipolazwa kwenye mkeka wa kupimia alifika sentimita 126. Kwa sheria ya jimbo la Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia, baramundi aliyezidi sentimita 120 hachukuliwi, na aliye chini ya sentimita 58 hachukuliwi pia. Anarudishwa majini papo hapo, awe hai au awe amekufa. Huyu alikuwa anakufa. Damu ilimtoka kwenye matamvua, na ndani kabisa ya koo lake, mahali ambapo vidole havikufika, ilikaa ndoano iliyonunuliwa siku chache kabla kwa bei ya soda. Mjomba na mpwa wake walimshika ubavuni mwa boti wakimwelekeza kichwa kwenye mkondo ili apate hewa. Walimshika mpaka mikono ikafa ganzi. Mwisho akageuka tumbo juu, na hawakuwa na la kufanya ila kumwachia.

Kisa hiki nilisimuliwa na mpwa mwenyewe. Naona kinafaa kuandikwa kwa sababu siku hizi watu wetu wa Kongo na Burundi wapo katika miji ya pwani ile, Townsville na Cairns, na wengi wao walizaliwa kando ya maji. Mvuvi akihama nchi hahami bila mikono yake. Lakini mikono ile ilifunzwa na ziwa fulani, kwa samaki fulani, kwa kusudi fulani, na kosa lililomuua samaki huyu lilitokana na ujuzi wa kweli uliotumiwa mahali pasipo pake.

Mjomba ni mtu wa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Tangu utotoni alitega mishipi mirefu yenye ndoano nyingi, akachomeka chambo hai jioni na kwenda kuvuta alfajiri. Vita vilimhamisha hadi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na yeyote aliyepita Nyarugusu anajua kwamba ziwa liko mbali na pale. Alikaa miaka mingi akila samaki wa kukaushwa walioletwa na wachuuzi. Alipofika Townsville na kuonyeshwa hori la kwanza lenye mikoko, maji ya rangi ya chai na mikizi ikirukaruka, alimwambia mpwa wake, “Hapa tutakula.” Siwezi kumlaumu kwa neno hilo.

Na samaki mwenyewe hakuwa mgeni kwake. Ziwa Tanganyika lina aina nne za samaki wa jenasi ya Lates ambazo hazipatikani kwingine duniani; mgebuka ni mmoja wao, na wale wakubwa huitwa sangala. Sangara wa Ziwa Victoria ni wa ukoo huohuo, ingawa yeye alipandikizwa na watu katika miaka ya 1950. Baramundi, kwa jina la kitaalamu Lates calcarifer, ni ndugu yao anayejua chumvi. Mjomba alipomwona sokoni kwa mara ya kwanza, mgongo uliobenuka, taya la chini lililochomoza, jicho linalong’aa kwenye mwanga, alisema huyu ni sangala aliyekwenda kuishi baharini. Alikuwa karibu sana na ukweli.

Tofauti iko katika maisha yake. Baramundi huzaliana katika maji ya chumvi karibu na midomo ya mito, makinda hupanda kwenye vinamasi na mito ya maji baridi, kisha hurudi wakishakua. Wengi sana huanza maisha wakiwa madume. Baada ya miaka kadhaa, wanapofikia sentimita 80 hadi 100 hivi, hugeuka kuwa majike. Kwa hiyo baramundi mwenye urefu wa mita moja na zaidi ni jike kwa hakika iliyo karibu kamili, na jike la namna hiyo hubeba mayai ya makumi ya mamilioni. Sheria ya kiwango cha juu imewekwa kumlinda yeye. Ndiyo sababu pia, katika pwani ya mashariki ya Queensland, uvuvi wa baramundi hufungwa kuanzia saa sita mchana ya tarehe 1 Novemba hadi saa sita mchana ya tarehe 1 Februari. Mjomba na mpwa walitoka mwishoni mwa Oktoba. Maji yalikuwa yameshapata joto, na majike yalikuwa yameanza kusogea kuelekea midomo ya mito.

Sasa turudi dukani, maana huko ndiko kisa kilikoanzia.

Mjomba alimtuma mpwa ndoano namba 8. Kwenye ndoano za mishipi ya kutega zinazotumika katika maziwa yetu, namba ikipanda ndoano inapungua: namba 7 ni kubwa, namba 12 ni ndogo, na namba 8 inamtosha samaki wa heshima. Mpwa aliiomba namba 8 akapewa kitu cha kuvulia vidagaa. Maduka ya kule yana hesabu ya namna mbili iliyounganishwa. Namba za kawaida hushuka huku ndoano zikikua, 8, 6, 4, 2, hadi 1. Baada ya hapo huja namba zenye sufuri, 1/0, 2/0, 3/0, na hizo hupanda huku ndoano zikizidi kukua. Ndoano 8 na ndoano 8/0 hazina udugu wowote. Ya kwanza hupotea kiganjani, ya pili inaingia mdomoni mwa samaki wa mita moja.

Mpwa akapiga simu. “Mjomba, namba 8 ya huku ni ya mchezo wa watoto.”

“Basi acha namba. Chukua inayolingana na pingili mbili za kidole gumba changu.”

Ushauri huo ulikuwa mzuri kuliko ulivyosikika, kwa sababu kipimo cha jicho hakidanganyi kama namba. Tatizo ni kwamba urefu si kitu pekee cha kupimwa. Mpwa alichagua ndoano yenye umbo la herufi J, shina refu, waya mwembamba, mwanya mdogo kati ya ncha na shina. Kwenye pakiti iliandikwa 3/0. Kando yake zilining’inia ndoano za mviringo, ambazo ncha yake imekunjwa kuelekea shina kana kwamba imekataa kuchoma kitu. Alizigusa, akaona hazina akili, akaziacha. Nimekwisha kuwasikia wavuvi wengi wakisema vivyo hivyo juu ya ndoano hizo, na nafahamu kwa nini: mtu aliyezoea kuchoma na kuvuta anaona ncha isiyotazama nje ni ncha iliyoharibika.

Siku ya kwanza hawakupata kitu, lakini walipoteza, na walichopoteza ndicho kilichowapotosha.

Walikuwa wameegesha boti chini ya mti wa mkoko ulioanguka, mahali ambapo kijito chembamba kilimwaga maji yake horini wakati wa kupwa. Mahali hapo palichaguliwa vizuri sana. Maji yakipwa, mikizi na kamba waliojificha kati ya mizizi hulazimika kutoka, na baramundi huja kuwasubiri mlangoni. Mjomba alilijua jambo hilo bila kuambiwa. Walirusha kimia wakapata mikizi ya urefu wa kiganja, wakaiweka hai kwenye ndoo yenye pampu ndogo ya hewa. Mshipi wao ulikuwa uzi wa kusukwa, mwembamba na wenye nguvu, na mpwa aliufunga moja kwa moja kwenye ndoano.

Samaki alikuja. Walisikia mlio ule ambao wavuvi wa baramundi wanaungoja, mshindo mzito wa maji kama mlango unaofungwa kwa nguvu, maana baramundi haumi. Hufungua mdomo na vifuniko vya matamvua kwa ghafla, na maji humiminika ndani yakiwa na windo lake. Mpwa alikaza. Samaki akaruka juu, akatikisa kichwa mara moja, mshipi ukalegea.

Walipouvuta walikuta hauna ndoano. Mwisho wa uzi ulikuwa umechanika nyuzinyuzi, na kipande kirefu juu yake kilikuwa kimeparuzika. Hapa ndipo penye funzo lenyewe, kwa maoni yangu, na ningependa msomaji akae nami kidogo.

Ushahidi ulikuwa mikononi mwao. Baramundi hana meno ya kung’ata, lakini taya zake zimefunikwa na vijino vidogo sana vilivyobanana, na uzi ukisuguliwa hapo kwa muda hulika. Kibaya zaidi, kifuniko cha tamvua kina ukingo mkali unaoweza kumkata mtu kidole. Uzi mwembamba ukipita juu yake samaki akiwa anatikisa kichwa, umekwisha. Dawa yake ni kipande cha mshipi mnene wa nailoni kati ya uzi mkuu na ndoano, wa nguvu ya kilo 27 hadi 36, urefu wa nusu mita au mita nzima. Mjomba aliutazama uzi, akausugua kwa ukucha, akasema kipande cha mbele lazima kiwe kinene. Alisema kweli.

Kisha akaongeza sababu ya pili. “Na tena ulikaza mapema. Hakuwa amemeza. Siku nyingine mwache ameze kabisa.”

Uzi haukusema hivyo. Uzi uliokatika haumwambii mvuvi ndoano ilikuwa imekaa wapi; unamwambia tu kwamba ulikatwa. Lakini mtu aliyepoteza samaki anataka kurekebisha kila kitu kwa mkupuo mmoja, na ile sababu ya pili ilitoka kwenye miaka yote ya Baraka. Kwenye mshipi wa kutega, samaki akimeza ndoano hadi tumboni ni heri: atangoja mpaka alfajiri, hatajinasua, na safari yake ni sufuriani au juu ya kichanja cha kukaushia. Hakuna mtu anayemvua sangala Tanganyika usiku wa manane ili amrudishe ziwani. Ndoano ya shina refu yenye ncha ya wazi, chambo kinachoifunika, na subira ndefu ni mtego uliotengenezwa kwa ajili ya kumezwa, na unafanya kazi yake. Mjomba aliurithi kwa wazee wake ukiwa umekamilika.

Queensland ilimtaka atege kitu kingine, yaani ndoano itakayoshika mdomo peke yake, kwa sababu chambo hakichagui samaki. Mvuvi akishusha mkizi hai mlangoni mwa kijito hawezi kujua ni nani atakayekuja, kijana wa sentimita 50, samaki halali wa sentimita 70, au jike kubwa lililokwisha kuvuka kipimo. Wawili kati ya hao watatu ni lazima warudi. Mtu anayechagua ndoano akimfikiria yule mmoja wa kuliwa tu amekwisha kuwahukumu wale wawili kabla hajafungua boti.

Basi siku ya pili walikwenda wakiwa wamerekebisha kilichostahili kurekebishwa na kisichostahili. Walifunga nailoni nene. Waliongeza pia risasi nzito, wakaifunga isisogee, karibu na ndoano, kwa mazoea ya ziwa lenye kina cha kutisha. Hori lile halikuzidi mita tatu. Risasi iliyofungwa namna hiyo ina makosa mawili. Samaki akivuta chambo anahisi uzito na anaweza kukitema. Na akishanaswa akaruka, risasi inabembea hewani na kuing’oa ndoano. Inayofaa ni risasi ndogo yenye tundu, inayoteleza juu ya mshipi mkuu, na kuzuiwa na kipete cha kuzunguka kinachounganisha uzi na nailoni. Samaki akichukua chambo, mshipi unapita ndani ya risasi na yeye hahisi kitu. Uzito uwe ule unaotosha tu kuzuia chambo kisichukuliwe na mkondo; bamvua utaongeza, maji mafu utapunguza. Na pale ambapo chini kuna matope laini au magogo mengi, bora kuacha risasi kabisa na kutumia chelezo, mkizi aogelee nusu ya kina akionekana.

Chambo nacho kilivikwa kwa mtindo wa nyumbani. Mjomba aliipitisha ndoano mgongoni mwa mkizi, akaigeuza, akaipitisha tena, mpaka ncha yote ikazama kwenye nyama. Ziwani hufanya hivyo ili samaki asihisi chuma. Lakini baramundi anayevuta chambo pamoja na maji hana nafasi ya kukagua, na ndoano iliyofichwa haina pa kushika mpaka chambo kishuke, kipondwe, nyama ilegee. Maana yake ni kwamba inashika kooni au tumboni. Zaidi ya hayo, mkizi aliyetobolewa mara mbili haogelei. Alilala ubavu na kuzungukazunguka, na walibadilisha watatu kabla wa nne hajachukuliwa.

Alichukuliwa kimya, bila mshindo. Mshipi ulianza kwenda, polepole, kuelekea katikati ya hori.

“Mwache,” mjomba alisema.

Mpwa alifungua gurudumu la mshipi. Uzi ukaenda, ukasimama, ukaenda tena. Aliniambia aliona ajabu jinsi samaki alivyotulia. Mjomba aliinua mkono kumzuia kila alipotaka kukaza, na aliposhusha mkono ule, ndoano ilikuwa imeshapita mbali.

Pambano silielezi. Lilikuwa refu kuliko ilivyofaa, kwa sababu ufito wao ulikuwa laini, na maji yalikuwa na joto. Samaki aliyechoka katika maji ya joto hupona kwa shida. Nailoni ilistahimili. Walipomfikisha kwenye boti hawakuwa na wavu wa kuopolea wa ukubwa wake, kwa hiyo walimpandisha kwa taya la chini, akining’inia kwa uzito wake wote. Samaki mkubwa haning’inizwi. Viungo vya taya na uti vinaumia, na matumbo yaliyozoea kubebwa na maji yanalemea upande mmoja. Anashikwa kwa mikono miwili, mmoja tayani na mwingine chini ya tumbo, akiwa mlalo, na kama inawezekana hatolewi majini hata kidogo.

Wakampima. Mpwa alisoma 126 akanyamaza.

Hata hapo alikuwa hajafa, na nina hakika alikuwa na nafasi. Mshipi ulionekana ukiingia kooni. Kama wangekata nailoni karibu na mdomo kadiri iwezekanavyo na kumwachia, huenda angeishi. Samaki wengi walioachiwa na ndoano tumboni huishi, na ndoano ya chuma cha kawaida, isiyo ya kuzuia kutu, huliwa na maji taratibu. Ndiyo sababu ndoano za chuma kisichoshika kutu hazifai kwa kazi hii hata zikiwa nzuri namna gani. Lakini mpwa alitaka kumtendea wema kwa kumtolea chuma. Aliingiza koleo. Shina refu lilimsaidia kuipata ndoano, ncha yenye kijino ikagoma, akapindua, akavuta. Kilichokatika kilikuwa kando ya matamvua, na damu haikungoja.

Nimeshawasikia watu wakisema huyo samaki aliuawa na koleo. Naona koleo lilimaliza tu. Ndoano ya umbo lile, iliyofichwa ndani ya chambo kile, ikaachiwa kwa muda ule, haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Alipoanza kuelea, mjomba alishika ukingo wa boti. “Mpwa wangu, tunatupa chakula?”

“Si chetu, Mjomba. Amezidi.”

“Amekufa.”

“Hata akifa.”

Mzee aliyekaa Nyarugusu akingoja mgao, kuambiwa amwachie samaki mfu wa kulisha nyumba tatu, hilo ni jambo zito, na sidhani sheria ile iliandikwa na mtu aliyewahi kuhesabu punje za mahindi. Hata hivyo naikubali. Sheria ikiruhusu mfu achukuliwe, kila samaki aliyezidi atakuwa mfu.

Wiki zilizofuata uvuvi ulikuwa umefungwa, na mpwa alizitumia kuuliza. Aliyemjibu vizuri zaidi alikuwa mwanamke muuza chambo kwenye gati, ambaye alichukua ndoano ya mviringo, akaifunga kwenye kamba, akamwambia afumbate ngumi kidogo. Akaitia ndani ya ngumi na kuivuta polepole. Ndoano iliteleza kiganjani bila kumchoma, ikafika kwenye pembe kati ya kidole gumba na cha shahada, ikageuka, ikamshika hapo. Akamwambia ndivyo inavyofanya kooni. Samaki akimeza kisha akageuka kuondoka, mshipi unakaza, ndoano inarudi juu bila kunasa kwa sababu ncha imetazama ndani, na inapofika kwenye kona ya mdomo inazunguka mfupa wa taya na kushika. Mwisho akairudia tena kwa kuivuta ghafla, na ndoano ikaruka nje ya ngumi tupu.

Majaribio ya namna hiyo yanaeleza karibu kila kitu. Ndoano ya mviringo haikazwi kwa kishindo. Mshipi ukianza kwenda, mvuvi hufunga gurudumu, huuelekeza ufito upande wa samaki, na kuacha uzito ujijenge wenyewe. Anapoinua ufito samaki ameshanaswa. Anayeivuta ghafla ataipoteza kila mara na atasema haina akili. Pia lazima iwe ya mviringo kweli, ncha ikiwa kwenye mstari mmoja na shina. Zipo zilizopindishwa kidogo ubavuni ili zichome kwa urahisi, na kupindishwa huko kunarudisha hatari ileile ya kunasa kooni.

Ukubwa wake huchaguliwa kwa chambo na kwa mdomo, na hapo pingili za kidole cha mjomba zinarudi kazini, ila kinachopimwa ni mwanya. Kwa mkizi wa sentimita 12 hadi 15, ndoano ya 6/0 hadi 8/0. Kwa kamba aliye hai, 3/0 au 4/0, maana ndoano nzito humzamisha kamba na kumchosha. Mwanya ubaki wazi baada ya chambo kuvikwa. Hilo ndilo ninalolisisitiza kuliko namba yoyote, kwa sababu ndoano ya mviringo iliyojaa nyama haiwezi kuzunguka taya, na inabaki donge la chuma lisiloshika popote au linaloshika vibaya.

Mkizi huvikwa kwa kutoboa mara moja. Penye mkondo, ndoano ipite kwenye mdomo wa juu, mbele ya macho, ili aogelee akikabili maji kama kawaida yake. Chini ya chelezo au kwenye maji yaliyotulia, ipite juu ya mgongo karibu na pezi, kwa juujuu, mbali na uti. Kamba hutobolewa mkiani au kwenye pembe ya kichwani, bila kugusa lile doa jeusi linaloonekana ndani ya kichwa, maana likiguswa hufa. Kijino cha ndoano kinaweza kubanwa kwa koleo kabla ya kuvua. Mshipi ukikaa umekaza, samaki hatoki kwa sababu hiyo, na kumwachia kunakuwa kazi ya sekunde, bila kumtoa majini.

Neno moja la pembeni, lakini la lazima. Mahori ya Queensland ya kaskazini yana mamba wa maji ya chumvi. Kuinama ukingoni ukimshika samaki majini kwa muda mrefu, kama walivyofanya hawa wawili, ni kujiweka mahali pabaya, na kusafishia samaki hapo hapo unapovulia ni pabaya zaidi. Ndoano inayotoka upesi inamlinda hata mvuvi.

Mjomba hakukubali kirahisi. Bado anashikilia kwamba kumvua samaki ili umrudishe ni kumsumbua kiumbe bure, na katika hilo nadhani ana haki kuliko wanavyofikiri wanaovua kwa ajili ya picha. Mpwa hakumbishia. Alimwambia tu kwamba hawavui ili kurudisha. Wanavua ili wale, na wanarudisha wale ambao hawakuwa wao.

Februari walirudi kwenye mti uleule wa mkoko, maji yakipwa, wakiwa na risasi ndogo inayoteleza, nailoni ya kilo 36 na ndoano za mviringo za 7/0. Samaki wa kwanza alikuwa wa sentimita 54. Ndoano ilikuwa kwenye kona ya mdomo, mpwa akaitoa kwa koleo samaki akiwa bado majini, na samaki akaondoka kwa pigo moja la mkia. Wa pili alikuwa wa 66, naye alikwenda nyumbani, akapikwa kwa mawese. Ndoano za shina refu zimebaki kisandukuni. Mjomba amekataa kuzitupa. Lakini siku hizi kazi ya kuvika chambo ni yake, na kabla hajakishusha majini huingiza ukucha kati ya ncha na shina. Ukucha ukizuiwa na nyama, anamtoa mkizi na kumvika upya.